Ugoro wa Bibi, Sigara ya Baba: Historia ya Tumbaku Chini ya Kilimanjaro



Leo tunavuka bahari, tunapita Tanga na kupanda mpaka Moshi, mguuni mwa Kilimanjaro. Mabinti wa visiwani wanaolewa huko, wengine mjini Moshi, wengine Machame, wengine Ugweno, na miongoni mwa maswali wanayotuletea kabla ya harusi kuna hili la mchumba anayevuta sigara. Ukimgusa anajibu: ni uhuru wangu, mwili wangu, pesa yangu. Jibu hilo lina historia. Tukiifuata kwenye miteremko ya mlima tunakuta kwamba uhuru huo uligawiwa kwa mizani isiyo sawa, na aliyepunjwa zaidi, katika kuvuta na katika kuacha, ni mwanamke.

(Jina la mji halihusiki hapa, jamani. Moshi uliitwa Moshi kabla sigara haijafika.)

Kabla ya sigara, mlimani kulikuwa na ugoro. Tumbaku ilikaushwa, ikasagwa, ikachanganywa na magadi, ikatiwa kwenye kikopo kidogo kinachokaa mfukoni au kwenye pindo la nguo. Mzee alinusa, na bibi naye alinusa au aliweka mdomoni. Mwanamke mtu mzima kuwa na ugoro wake halikuwa jambo la kushangaza mtu. Ulikuwa kitu cha umri: kijana hakukaa mbele ya wakubwa akajinusia kama wao, na kugawiana ugoro ilikuwa sehemu ya kukaribishana. Kwa hiyo hakuna aliyesema tumbaku ni uhuru wake binafsi. Ilikuwa na adabu yake, na adabu hiyo ilijua nani, wapi, na mbele ya nani.

Biashara yenyewe ilipita mikononi mwa wanawake. Masoko ya Uchagga, kama yale ya Mwika na Marangu, yana siku zake maalumu, na tangu zamani yameendeshwa na akina mama: ndizi, maharage, mbogamboga, magadi, tumbaku. Magadi yalitoka kwenye ardhi yenye chumvi ya Bonde la Ufa, yakapandishwa mlimani. Mama aliyanunua kwa ajili ya jiko, maana hulainisha maharage na kuyaivisha upesi, na gunia lilelile ndilo lililotumika kwenye ugoro.

Hapa tunaomba msimame nasi kidogo, kwa sababu jambo hili linatugusa visiwani moja kwa moja. Magadi kwenye ugoro hayakuwekwa kwa ladha tu. Ndani ya tumbaku kuna nikotini, ndiyo inayomfanya mtu airudie, na nikotini hupenya kwenye ngozi laini ya pua na mdomo kwa urahisi zaidi ikiwa imechanganywa na kitu chenye asili ya magadi. Bibi wa mlimani hakusoma kemia, lakini alijua kwamba ugoro usio na magadi haukolei. Sasa tazama sinia ya tambuu ya kwetu: jani, popoo, katu, chokaa, na kwa wengi kipande cha tumbaku. Chokaa inafanya kazi ileile ya magadi. Bibi wa Marangu na bibi wa Mji Mkongwe, ambao huenda hawakuonana maisha yao yote, walifikia ujuzi mmoja kwa njia mbili. Na wote wawili, ukiwauliza kama wanavuta, watakuambia hapana, na hawajasema uongo.

Watu wa pwani na watu wa mlima walikuwa wakijuana zamani. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipofika Kilimanjaro kutoka Mombasa, aliyemwongoza njia alikuwa Mswahili Mwislamu, Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyekuwa akiifahamu nchi hiyo. Lakini kilichobadilisha mambo ya tumbaku hakikuwa msafara. Ilikuwa reli ya kutoka Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, na baada yake fedha ya kahawa. Wakulima wa mlimani waliunda chama chao cha kahawa mwaka 1925, na ushirika wa KNCU ukasimama mwaka 1933. Shamba la ndizi lilikuwa chini ya mikono ya mama; kahawa na malipo yake yalikuwa ya baba. Sigara inanunuliwa kwa fedha taslimu, dukani, mjini, na mwenye fedha taslimu alikuwa mwanamume.

Kisha ukaja mwaka 1961. Tarehe 9 Desemba, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge kwenye kilele cha Kilimanjaro, na kilele kikapewa jina la Uhuru. Mwaka huohuo kiwanda cha sigara kilianza kazi Dar es Salaam. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilichukua hisa zake, na mwaka 1995 kiwanda kikarudi mikononi mwa kampuni ya kigeni, R. J. Reynolds ya Marekani, ambayo biashara yake ya nje ilinunuliwa na Wajapani mwaka 1999. Soma majina ya pakiti zilizouzwa nchi nzima: Sportsman, Safari, Embassy. Mwanamichezo, msafiri, balozi. Mwanamume anayetoka, anayekwenda mahali, anayejulikana. Hakuna hata moja iliyomfikiria mama anayerudi sokoni Mwika na tenga kichwani.

Wenye kuuza sigara walikwishajua namna ya kuliuza neno uhuru. Mwaka 1929, mjini New York, mtaalamu wa matangazo Edward Bernays, aliyelipwa na kampuni ya American Tobacco, aliwapanga mabinti watembee kwenye gwaride la Pasaka huku wakivuta hadharani, na sigara zile zikaitwa mienge ya uhuru. Wakati ule mwanamke wa Marekani kuvuta barabarani ilikuwa aibu, na kampuni ilikuwa inakosa nusu ya wateja. Tukilinganisha mwenge huo na ule wa Nyirenda tunaona jinsi neno moja linavyoweza kubeba mizigo miwili tofauti kabisa. Mmoja ulikuwa wa watu kutoka chini ya utawala wa wengine. Mwingine ulikuwa mtego wa biashara uliovalishwa nguo nzuri, na wengi walioingia hawakutoka.

Na wanazuoni wetu je? Walibishana, tena sana. Tumbaku ilipofika nchi za Waislamu karibu na mwaka 1600, mjini Cairo palikuwa na wanazuoni wawili wa madhehebu moja ya Maliki: Ibrahim al-Laqani aliyeandika kuiharamisha, na Ali al-Ajhuri aliyeandika kuiruhusu. Sultani Murad wa Nne wa Uturuki aliipiga marufuku mwaka 1633 kwa adhabu ya kifo. Wanazuoni wa Ibadhi wa Oman walishika uharamu bila kulegeza, na Imamu Azzan bin Qays, aliyetawala Muscat kuanzia 1868 hadi 1871, aliikataza. Kwa Washafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, wengi walisema ni makuruhu. Hawakuwa na ushahidi tulio nao leo wa saratani ya mapafu, uliowekwa wazi na tafiti za Uingereza na Marekani mwaka 1950. Madhara yalipothibiti, wanazuoni wengi wa zama zetu walihamia upande wa uharamu, wakiegemea aya ya 195 ya Suratul Baqara inayokataza kujiangamiza.

Katika kisa cha Iran wanawake ndio waliopata neno la mwisho. Mwaka 1890 Naser al-Din Shah aliiuza haki ya tumbaku yote ya nchi kwa Mwingereza mmoja, Meja Talbot. Desemba 1891 ikatoka fatwa kwa jina la Mirza Hasan Shirazi ya kukataza tumbaku, na nchi nzima ikaacha. Hata ndani ya nyumba ya Shah, wake zake waliacha mabuli yao ya tumbaku. Mkataba ukafutwa mwezi uliofuata. Walikuwa wamezoea tumbaku kama sisi tunavyozoea chai, nao waliweza kuacha kwa sababu waliacha pamoja na waziwazi.

Neno hilo la waziwazi ndilo linaloturudisha Moshi. Bunge lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku mwaka 2003, inayokataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18 na kuzuia uvutaji katika sehemu za umma, na mwaka 2007 nchi iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani. Sheria hiyo inasema jambo la haki: uhuru wa mvutaji unakoma kwenye pumzi ya jirani. Lakini mlango wa nyumba hauvuki. Sebuleni, kwenye gari, chumbani mwa maharusi, anayeweza kusema ni mke peke yake. Ndiyo maana tunawaambia mabinti: lizungumzeni kabla ya nikaha, kwa upole na bila mzaha, kama mnavyozungumza mahari na mahali pa kuishi.

Upande wa pili wa jambo hili hausemwi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta watumiaji wa tumbaku ni asilimia 14.6 ya wanaume wazima na asilimia 3.2 ya wanawake. Hao wanawake ni wachache, lakini si hadithi, na wapo miongoni mwao mama zetu na mashoga zetu. Mwanamume wa Moshi anavuta kibarazani mbele ya watu. Siku akitaka kuacha atatangaza, na marafiki watamtania lakini watamuunga mkono. Binti anayevuta shisha au sigara anafanya kwa siri, kwa sababu jina lake litachafuka kuliko la kaka yake. Atakapotaka kuacha, nani atamwomba msaada? Hana wa kumwambia kwa nini leo ana hasira, kichwa kinamuuma, na usingizi umekatika. Siku chache za mwanzo ndizo ngumu zaidi, kisha hali hutulia taratibu katika wiki mbili hadi nne. Mwenye msiri huzivuka. Aliye peke yake mara nyingi hurudi nyuma usiku wa pili. Kumsitiri mwenzio ni ibada, lakini kusitiri ni kumfungia mlango wa umbea huku ukimwachia wazi mlango wa msaada.

Ramadhani ni nafasi. Kwetu na Moshi saumu ni kama saa kumi na tatu, na mwenye kuzimudu hizo keshavuka sehemu kubwa ya siku. Mtihani upo baada ya futari. Nyumba ambayo mke na mume wanakwenda tarawehe pamoja, kisha wanakaa na watu, inambeba mtu saa zile za hatari.

Kuhusu ugoro na tumbaku ya tambuu tuna neno moja kwa biharusi na khasa kwa mjamzito. Nikotini inayopita puani au mdomoni inamfikia mtoto tumboni kama ile ya sigara, na tumbaku isiyo na moshi imehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo na wengine kuzaliwa wafu. Kwa hiyo ukienda kliniki, iwe Mawenzi, KCMC au Mnazi Mmoja, na muuguzi akakuuliza kama unavuta sigara, usiishie kwenye hapana. Mwambie na kile kikopo cha bibi, na sinia ya tambuu, na ni mara ngapi kwa siku.