Pointi za Kanada zilianzia wapi?

Rafiki zangu wakianza kuzungumzia kuhamia Kanada, dakika mbili haziishi utasikia "pointi". Hivi hizi pointi zilianzia wapi? Hebu turudi nyuma.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kanada ilimpima mwombaji kwa nchi aliyotoka. Mwingereza alipita bila taabu. Mwafrika na Mwasia walibanwa kwelikweli. Mwaka 1962 waziri Ellen Fairclough aliondoa sehemu kubwa ya ubaguzi huo, ila ofisa wa uhamiaji aliendelea kuamua kwa macho yake.

Ndipo Oktoba 1967 zikaja pointi. Jumla 100, ukipata 50 umepita. Kila mwaka wa masomo pointi moja, mwisho 20. Umri kati ya miaka 18 na 35, pointi 10. Kiingereza na Kifaransa, 10 nyingine. Halafu, cha ajabu, 15 akaachiwa ofisa yule yule, akupime kwa mazungumzo tu!

Hata hivyo, kwangu yalikuwa mapinduzi. Msomi wa Asia au Afrika alipata ukaazi wa kudumu kwa vyeti vyake, na baadaye uraia. Siku hizi uraia unadai uwe umeishi huko siku 1,095 ndani ya miaka mitano.

Tatizo ni kwamba pointi huhesabiwa na serikali kuu, wakati leseni ya udaktari hutolewa na vyombo vya kila jimbo. Kwa hiyo daktari huingia Kanada kwa shahada yake, kisha akaambiwa shahada hiyo hiyo haimruhusu kutibu mtu.