Kaburi Linalosubiri Kichwa

Anayekwenda Makumbusho ya Taifa ya Majimaji mjini Songea akitarajia vifaru na mizinga atatoka kapa. Humo mna mikuki, marungu, ngao za ngozi na picha za zamani. Ndizo silaha ambazo Wangoni wa eneo hili walizitumia kukabiliana na bunduki za rashasha za Mjerumani, zile walizoziita bombomu. Lakini vitu vya ndani havimshiki mgeni sana. Kinachomsimamisha kiko nje, kwenye makaburi.

Tarehe 27 Februari 1906, wakati wa Vita vya Majimaji, wakoloni wa Kijerumani waliwanyonga hapa Songea viongozi na wapiganaji wa Kingoni, akiwemo Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Njelu. Hesabu inayotajwa kila mwaka kwenye kumbukumbu ni mashujaa 67. Kati yao, 66 wamelazwa katika kaburi moja. Wa 67, Nduna Songea Mbano, ana kaburi lake.

Songea hakuwa mfalme. Alikuwa nduna, jemadari chini ya Nkosi, lakini mwaka 1897 Wajerumani walijenga boma karibu na makazi yake na jina lake likawa jina la mji. Simulizi za wazee husema Wajerumani walitaka kumwachia akakataa, akadai anyongwe kama wenzake. Wakamnyonga siku chache baadaye.

Vita vyenyewe havikuanzia Ungoni. Vilianza Umatumbi mnamo Julai 1905, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alikuwa ameshatoa dawa ya maji yaliyosemekana kugeuza risasi kuwa maji, na wajumbe wake wakaisambaza kusini, hadi kwa Wangoni. Yeye alinyongwa mapema, Agosti mwaka huohuo, huku vita vikizidi kupamba moto. Wasomaji wengi walimjua kwanza kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein, wala si vibaya, ila jukwaani njaa haionekani. Njaa ndiyo iliyoua zaidi. Majeshi ya Gavana wa Kijerumani, von Götzen, ambayo askari wake wengi walikuwa Waafrika, yalichoma vijiji, maghala na mashamba. Hadi vita vilipozimwa mwaka 1907, makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika hadi 300,000.

Chabruma, Nkosi wa Mshope, ufalme mwingine wa Wangoni, alivuka mpaka kuingia Msumbiji, akauawa hukohuko.

Makumbusho yalianzishwa mwaka 1980, na mwaka 2010 yakawa chini ya Makumbusho ya Taifa. Mwishoni mwa Februari uwanja hujaa ngoma, mavazi ya kivita na hotuba. Siku za kawaida pametulia, na pengine huo ndio wakati bora wa kuzuru. Mjini, jina la Majimaji liko kila mahali, hata kwa timu ya soka, inayojulikana pia kama Wanalizombe, na uwanja wake.

Kuna jambo moja ambalo sherehe hazijalimaliza. Inasimuliwa kwamba Songea alikatwa kichwa na fuvu likapelekwa Ujerumani, kama yalivyopelekwa mafuvu mengi ya Waafrika kwa wanasayansi waliotaka kupima na kuainisha "mbari". Taasisi moja ya Berlin, ya urithi wa utamaduni wa Prussia, ilichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba baadhi yana ndugu walio hai Kilimanjaro. La Songea halikuwemo katika yaliyotambuliwa.

Novemba mosi 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika kwenye makumbusho haya, akakutana na ukoo wa Mbano, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Aliahidi kusaidia kulitafuta fuvu, bila kuahidi kwamba litapatikana. Kisha akaweka maua.