Taarifa za fedha kwenye kompyuta: kwa nini maneno lazima yawe na maana moja

SACCOS mbili za kata moja zinaweza kuandika kwenye taarifa ya mwaka: "Mikopo, shilingi milioni 40." Ukizisoma, utadhani zinalingana. Kumbe ya kwanza imejumlisha mikopo yote iliyotolewa mwaka mzima, hata iliyokwisha kurejeshwa. Ya pili imeandika deni ambalo bado liko kwa wanachama. Hesabu hizo zikiingizwa kwenye kompyuta zitapendeza machoni, lakini tofauti itabaki palepale, tena imejificha zaidi.

Kuacha daftari na kutuma taarifa kwa kompyuta kunaharakisha kazi. Hakuwafanyi watu wakubaliane maana ya maneno.

Mwaka 1998 mhasibu wa Marekani, Charles Hoffman, alianza kazi iliyozaa mfumo uitwao XBRL. Katika mfumo huo kila tarakimu hufungwa lebo inayosomwa na kompyuta: hili ni deni au mapato, ni la kipindi gani, kwa sarafu gani. Mabenki ya Marekani yalianza kuutumia kupeleka taarifa kwa wasimamizi wao mwaka 2005, na kampuni kubwa zilizouza hisa kwa umma zikafuata kuanzia 2009.

Mwanzoni makosa hayakukosekana. Baadhi ya kampuni ziliongeza sifuri, nyingine zikakosea alama ya kutoa. Lililosumbua zaidi ni kwamba kampuni ziliruhusiwa kujitungia lebo pale zilipoona za kawaida hazitoshi. Lebo zikawa nyingi, na kulinganisha kampuni moja na nyingine kukawa kugumu, ingawa kila kitu kilikuwa kwenye kompyuta.

Uholanzi ilianzia kwenye maneno. Katika mradi ulioanza 2004, mamlaka ya kodi, ofisi ya takwimu na chemba ya biashara zilikaa pamoja kutengeneza kamusi moja ya hesabu, ili kampuni isiandae taarifa tofauti kwa kila ofisi. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo njia ya kuiga.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawagawa watoa huduma katika madaraja manne. SACCOS ziko daraja la tatu, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Vikundi vya kijamii kama VICOBA viko daraja la nne, na halmashauri huvisimamia kwa niaba ya Benki Kuu. Mkulima mmoja anaweza kuwa mwanachama wa vyote viwili na bado akawa na mkopo wa simu.

Sasa chukua mkopo chechefu. Chama kimoja kikiuhesabu baada ya siku 30 za kuchelewa, kingine baada ya 90, cha pili kitaonekana imara hata kama fedha za wanachama zinapotea kwa kasi ileile. Akiba yako imo humo.

Kwa hiyo mkutano mkuu ukifika na taarifa ikasomwa, mwulize mhasibu: "Mikopo" hapa ni iliyotolewa au iliyobaki? Mkopo mnauita chechefu baada ya siku ngapi? Mwaka jana mlihesabu hivyohivyo? Omba majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao.