Elimu ya Mazingira na Sayansi ya Dunia: Kitale na Bungoma

Katika shule za Kitale, makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, na za Kaunti jirani ya Bungoma, magharibi mwa Kenya, elimu ya mazingira na sayansi ya dunia hufuata mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019. Gredi ya 1 hadi ya 3 husoma Shughuli za Mazingira. Baadaye mada za mazingira huingia katika sayansi na masomo ya jamii.

Eneo lenyewe ni maabara tosha. Mlima Elgon, volkano iliyozimika yenye kimo cha mita 4,321, una pango la Kitum, ambamo tembo huchimba kuta kwa pembe wapate chumvi. Mto Nzoia hupita maporomoko ya Nabuyole karibu na Webuye, ukibeba udongo hadi Ziwa Viktoria. Mmomonyoko hauhitaji vifaa ghali kufundishwa: chupa mbili za plastiki zilizokatwa ubavuni, moja ya udongo mtupu, nyingine ya udongo wenye nyasi, na kopo la maji. Ya kwanza hutoa maji ya matope, ya pili maji yaliyo safi zaidi. Mtoto aliyeona hayo huelewa kwamba mafuriko ya Budalang'i, karibu na mdomo wa Mto Nzoia, huanzia mbali na Budalang'i.

Makumbusho ya Kitale, yaliyoanzishwa na Hugh Stoneham mwaka 1926, yana msitu wa asili unaostahili ziara ya kila shule.

Maporomoko ya ardhi nayo yapewe muda zaidi darasani: Machi 2010 yaliua watu wengi Bududa, upande wa Uganda wa Mlima Elgon.