Because, since na kwa sababu

Wadau, leo naweka siasa kando kidogo. Tuzungumzie maneno madogo ya Kiingereza yanayotaja sababu: because, for na since. Ni madogo, lakini yanaweza kumfikisha mwandishi wa habari mahakamani.

Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na Kifaransa kikawa lugha ya watawala. Neno cause liliingia kwa mlango huo. Asili yake ni causa la Kilatini, lililomaanisha sababu na pia kesi. Kufikia karne ya 14 Waingereza walikuwa wakilitanguliza na by, neno lao wenyewe, wakapata by cause. Baadaye yakashikana, yakawa because. Sasa angalia: Waswahili nao walichukua sabab la Kiarabu, wakatanguliza kwa, wakapata kwa sababu. Watu wa mbali kabisa, ufundi uleule!

For ni kongwe zaidi. Ukifungua Biblia ya King James ya mwaka 1611 utalikuta tele likieleza sababu. Siku hizi, katika mazungumzo, because limelipiku kwa kazi hiyo.

Lenye mtego ni since. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa siththan, yaani "baada ya hapo". Lilihusu wakati. Lakini binadamu akiona jambo la pili limefuata la kwanza, huwa mwepesi kusema la kwanza ndilo lililolileta. Basi neno la wakati likabebeshwa na sababu pia, na hadi leo linabeba yote mawili.

Chukua sentensi hii: Since the manager left, the money has disappeared. Je, ni "tangu meneja aondoke" au ni "kwa kuwa meneja ameondoka"? La kwanza ni kalenda tu, la pili ni tuhuma. Kiingereza kinamruhusu mwandishi kujificha hapo katikati. Kiswahili kinamlazimisha achague.

Ndiyo maana sisi tunaotafsiri habari za nje tusikimbilie "kwa kuwa". Tusome habari yote, tutafute ushahidi kwamba jambo moja limesababisha jingine. Usipokuwepo, tuandike "tangu" na tuishie hapo. Jina la mtu likishachafuka gazetini, masahihisho ya kesho hayalisafishi.

Au mnasemaje, wadau?