Mjane wa Matasia

Kutoka Kitengela kwenda Matasia inabidi uunganishe magari. Unapanda matatu inayopita Tuala mpaka Rongai, unashuka, unatafuta ya Kiserian, halafu unatafuta nyingine ya kuelekea Ngong. Nilifunga safari hiyo miezi minne baada ya kumzika mume wangu. Huko Matasia sikuwa na ndugu wala rafiki. Nilitaka tu kuona shamba ambalo kesi yake ilijaza magazeti nikiwa msichana wa shule ya upili.

Kijana wa bodaboda aliniuliza, "Mathe, unatafuta ploti?" Nikamwambia natafuta kwa Otieno, yule wakili. Akafikiri kidogo. "Otieno gani? Anauza?"

Sikulipata shamba siku hiyo. Nilikunywa chai kibandani nikiangalia Milima ya Ngong, nikarudi.

Silvano Melea Otieno, wakili mashuhuri wa Nairobi, alifariki tarehe 20 Desemba 1986 bila kuacha wosia wa maandishi. Mkewe, Wambui Waiyaki Otieno, alisema mumewe alitaka kuzikwa kwenye shamba lao la Upper Matasia, wilaya ya Kajiado. Ukoo wake, Umira Kager, ukasema Mjaluo huzikwa kwao, na kwao Otieno ni Nyalgunga, Siaya. Wakaenda mahakamani. John Khaminwa akamtetea mjane, Richard Kwach akausimamia ukoo. Tarehe 13 Februari 1987 Jaji Bosire wa Mahakama Kuu aliupa ukoo ushindi, na tarehe 15 Mei Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye. Otieno alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Mjane hakwenda.

Vitabu vimeandikwa juu ya kesi hiyo, na karibu vyote vinauliza marehemu alikuwa nani. Je, alikuwa Mjaluo au mtu wa kisasa? Mahakama iliambiwa kwamba alipenda Shakespeare na kwamba alitazama Perry Mason kwenye televisheni. Profesa Odera Oruka, mwanafalsafa, aliitwa kueleza mila. Nchi nzima ilibishana kuhusu mtu mmoja aliyelala mochari, mpaka yule aliyekuwa hai akasahaulika. Mimi nilipokuwa na miaka 16 nilimsahau pia. Nilikuwa nauliza tu, leo nani kashinda?

Nimeanza kumfikiria Wambui baada ya kufiwa. Ninachorudia kuhesabu ni siku. Kuanzia kifo mpaka mazishi zilipita siku 154. Mume wangu alikaa mochari siku tisa, na siku hizo tisa, niseme ukweli, sikuwa mpweke. Nyumba ilijaa. Wanawake wa chama walipika uani, kamati ya mazishi ilikaa kila jioni, watoto wa majirani walilala sebuleni. Upweke ulianza siku gari lilipokuja kuchukua viti vya kukodi na tenti, na kila mama akabeba sufuria yake. Nilibaki nikitazama alama za miguu ya viti kwenye nyasi.

Sasa mjane aliyekaa siku 154 bila kuzika, halafu akasomewa hukumu kwamba maiti si yake, yeye upweke wake ulianza lini? Kaburi halikuwa uani kwake. Hata mahali pa kupeleka maua hakuwa napo, labda aende kwa watu walioshindana naye kortini.

Lakini Wambui hakuanza maisha kwa kuwa mke wa wakili. Alizaliwa mwaka 1936, kitukuu wa Waiyaki wa Hinga, kiongozi Mkikuyu ambaye Waingereza walimkamata, akafia Kibwezi mwaka 1892, mbali na kwao. Akiwa bado msichana aliondoka nyumbani kwa baba yake, afisa wa polisi, akajiunga na Mau Mau, akawa mpelelezi na mbeba habari jijini Nairobi. Alifanya siasa katika chama cha Tom Mboya, Nairobi People's Convention Party. Serikali ya kikoloni ilimweka kizuizini Lamu. Aliolewa na Otieno mwaka 1963, Mkikuyu na Mjaluo, wakalea watoto 15, baadhi yao wa kuwachukua. Kwa hiyo mwanamke aliyesimama kizimbani mwaka 1987 alikuwa ameshazoea kusimama mbele ya serikali, na kushindwa, na kuendelea.

Watu hutuambia sisi wajane "jipe moyo", "tafuta kitu kipya ufanye". Nikisoma maisha ya Wambui sioni kitu kipya. Naona mtu akirudi kwenye kazi aliyoijua kabla hata ya kuwa mke. Aliingia katika siasa za upinzani. Aliandika maisha yake, na kitabu kikatoka mwaka 1998 kwa jina la Mau Mau's Daughter, binti wa Mau Mau. Ona hilo jina: mjane wa Otieno, ambaye Kenya yote ilimjua kwa sababu ya maiti ya mumewe, alijitambulisha kwa vita alivyopigana akiwa msichana. Na mwaka 2007, akiwa na miaka 71, aligombea ubunge Kamukunji kwa tiketi ya Kenya People's Convention Party. Jina la chama cha ujanani lilikuwa limerudi. Hakushinda. Sidhani kama hilo ndilo la maana.

Katikati ya hayo kuna jambo ambalo watu hulikumbuka zaidi. Mwaka 2003, akiwa na miaka 67, Wambui aliolewa na Peter Mbugua, fundi wa mawe mwenye miaka 25. Wee! Makelele yaliyopigwa nchi hii! Magazetini, kanisani, kwenye matatu, kila mtu alikuwa na la kusema. Mzee wa miaka 67 akioa msichana wa 25, tunakula pilau na kumpongeza. Mimi mwenyewe nilicheka, na mume wangu alicheka, tukiwa tumekaa pamoja mezani. Leo nikikumbuka kicheko kile naona aibu kidogo. Tulikuwa wawili, tunamcheka mtu aliyekuwa ameishi peke yake miaka 16.

Wala haikuwa midomo ya watu tu. Sheria ya Urithi ilipitishwa mwaka 1972, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kama ilivyoandikwa, mjane mwenye watoto alipewa haki ya kutumia mali ya marehemu maisha yake yote, lakini akiolewa tena na yeyote, haki hiyo ilikoma. Mwanamume aliyefiwa na mke hakuwekewa sharti hilo. Sheria yenyewe, kwa maneno mengine, ilimtaka mjane akae mpweke ndipo apate pa kukaa.

Na hapa Kajiado kuna la ziada. Sheria ile ile iliorodhesha wilaya ambazo ardhi ya kilimo na mifugo ya mtu aliyekufa bila wosia ingegawanywa kwa mila ya marehemu. Kajiado ni mojawapo. Kwa Wamaasai mjane kwa desturi haolewi tena; anabaki katika boma la mumewe, na mali husubiri wana wa kiume. Zamani ng'ombe walikuwa wa kuzunguka na ardhi ya wote, kwa hiyo mjane alikuwa na maziwa na alikuwa na watu. Halafu ardhi ikaanza kukatwa. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, mwaka mmoja baada ya Otieno kuzikwa, na hati zikaandikwa kwa majina ya wenye boma, wengi wao wanaume. Mwenye hati akifa, karatasi inabaki na jina la maiti. Wanunuzi wanakuja, waya unafungwa, na mama anajikuta amezungukwa na mageti ya watu asiowajua. Kwenye moja ya mageti hayo ndiko ninakoishi mimi. Sijifanyi sihusiki.

Katiba ya 2010 inasema ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi za ardhi uondolewe. Imeandikwa, Kifungu cha 60. Kutoka hapo mpaka kwenye dawati la karani ni safari.

Niliijua safari hiyo kwa ajili ya ploti yetu. Barua ya chifu, cheti cha kifo, fomu za kuomba usimamizi wa mirathi, tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, kusubiri siku 30 kama kuna mwenye pingamizi. Ofisi moja ilinirudisha mara tatu kwa sababu ya herufi moja ya jina. Niliapa sitarudi. Kisha mama mmoja tunayenunua maziwa kwake, mjane wa huko ndani, akaniuliza kama naweza kumsomea karatasi aliyopewa. Nilifundisha historia na Kiswahili miaka 28. Kusoma karatasi naweza. Mwezi uliofuata alikuja na dada yake.

Juzi nilikuwa naye mahakamani Kajiado. Tulipokuwa tunajaza orodha ya walioachwa na marehemu, alinitajia wana wake wanne, kisha binti wawili, kisha akanyamaza. Nikamwuliza, "Na wewe, yeyo?" Akasema, "Mimi niweke mwisho, kama nafasi iko." Nafasi ilikuwepo. Niliomba fomu nyingine tukaanza upya, jina lake juu.

Nilifika Kitengela saa mbili usiku. Nyumba ilikuwa giza, kama kawaida. Niliwasha taa, nikapasha githeri, nikakaa mezani upande wangu kumwandikia mama wa Isinya karatasi anazopaswa kubeba Jumatatu.