Suke Lililozidi Wenzake

Periander, mtawala wa Korintho, alimtuma mjumbe kwa Thrasybulus wa Mileto akamuulize jinsi ya kuutawala mji kwa salama. Thrasybulus hakumjibu. Alimchukua mjumbe hadi shambani, na huku akimuuliza tena na tena kilichomleta, akawa anakata kila suke lililozidi wenzake kwa urefu na kulitupa. Mjumbe alirudi akilalamika kwamba ametumwa kwa mwendawazimu anayeharibu mali yake mwenyewe. Periander alielewa mara moja: waondoe watu waliotukuka mjini.

Herodotus, aliyekisimulia kisa hiki katika karne ya 5 kabla ya Kristo, hakuwa akizungumzia usawa hata kidogo. Alizungumzia usalama wa kiti. Kwa maoni yangu, riwaya nyingi zilizokuja kuandikwa kuhusu usawa wa kulazimishwa zilikwisha kuota katika shamba lile, na anayezisoma kama hoja dhidi ya usawa wenyewe ametazama masuke akamsahau mkataji.

Mwaka 1516 Thomas More alichapisha Utopia. Katika kisiwa chake watu huvaa nguo za mshono mmoja, milango haina kufuli, na nyumba hubadilishwa kwa kura kila baada ya miaka kumi ili mtu asizoee kusema "hapa ni kwangu". Hayo hukumbukwa na wengi. Kinachosahaulika ni kwamba kisiwa hicho kina watumwa, na kwamba raia akikamatwa mara ya pili nje ya wilaya yake bila kibali, naye hutiwa utumwani.

Karne ya 19 ilipokuwa inaisha, ndoto za namna hiyo zilikuwa zimepamba moto. Edward Bellamy alitoa riwaya yake Looking Backward mwaka 1888, iliyosawiri Boston ya mwaka 2000 ambako kila raia hupewa na taifa mgawo ulio sawa na wa mwenzake. Marekani iliipokea kwa shangwe. Miaka mitatu baadaye Mwingereza mcheshi, Jerome K. Jerome, aliandika hadithi fupi ya kuzikejeli ndoto hizo: mtu analala usingizi wa miaka elfu moja, anaamka na kukuta watu wana namba badala ya majina. Mwenye nguvu kupita kiasi hukatwa kiungo, mwenye akili nyingi hupasuliwa kichwa ili ashuke alingane na wengine. Jerome aliandika kwa kuchekesha. Miaka thelathini baadaye kicheko kilikuwa kimekwisha.

Yevgeny Zamyatin hakuwa mtazamaji wa mbali. Ujanani alikuwa Mbolshevik, akafungwa na utawala wa Tsar, kisha akawa mhandisi wa meli; wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alipelekwa Uingereza, Newcastle, kusimamia ujenzi wa meli za kuvunja barafu. Alirudi Urusi ya mapinduzi na kuandika riwaya ya Sisi mwaka 1920 na 1921. Raia wa Dola Moja huishi katika nyumba za kioo, huamka wote dakika ileile, na hutafuna kila tonge mara 50. Mapazia hushushwa tu kwa mwenye kibali cha kukutana na mwenza. Mhusika mkuu, mhandisi D-503, anaona kimebaki kitu kimoja cha kuleta wivu: pua za watu bado hazifanani. Mwishoni dola inavumbua operesheni ya kuondoa uwezo wa kuwaza yasiyokuwepo, naye anafanyiwa. Juu ya wote hao walio sawa ameketi mmoja, Mfadhili, ambaye hakuna aliye sawa naye. Kitabu hicho kilitoka kwanza kwa Kiingereza, New York, mwaka 1924. Nyumbani kwao kilisubiri hadi 1988, wakati mwandishi wake alikwisha kufa Paris tangu 1937.

George Orwell aliisoma riwaya hiyo na kuisifu. Yeye mwenyewe alitoa Animal Farm mwaka 1945, nasi tukaipata kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere, mwaka 1967. Ndio mwaka wa Azimio la Arusha, tamko la ujamaa la Tanzania. Kwa haki, ni lazima tuseme kwamba Azimio lilianza na wakubwa: kiongozi hakuruhusiwa mishahara miwili, wala hisa katika makampuni, wala nyumba za kupangisha. Ni nadra mkataji kujifunga mkono mwenyewe. Lakini mwishoni mwa 1973 kuhamia vijijini kukawa amri, na Euphrase Kezilahabi akaandika Gamba la Nyoka (1979) kuhusu wanavijiji waliohamishwa kwa nguvu. Ile si riwaya ya kubuni kesho; wasomaji wake walikuwa wameyaona. Mwaka 1991, huko Zanzibar, masharti yale ya viongozi yalilegezwa.

Ile pua ya Zamyatin ilipata jibu mwaka 1960. L. P. Hartley, katika Facial Justice, alibuni nchi iliyosalia baada ya vita, ambako wanawake wazuri huonekana kuwa tatizo la haki, na wizara maalumu huwapa sura ya wastani. Jael, shujaa wake, anabadilishwa sura bila hiari yake. Anayetunga sheria hizo za nyuso ni Dikteta anayesikika kwa sauti tu, uso wake haujulikani.

Mwaka uliofuata Kurt Vonnegut alichapisha "Harrison Bergeron". Ni mwaka 2081. George, mwenye akili, ana redio sikioni inayomlipulia kelele kila anapoanza kuwaza, na shingoni amebebeshwa mfuko wa risasi wa kilo 21 hivi. Mwanawe Harrison, mwenye miaka 14, anavunja vizuizi vyake mbele ya kamera za televisheni. Diana Moon Glampers, mkuu wa idara ya vizuizi, anaingia na bunduki na kumuua. Hadithi haituambii popote kama Glampers mwenyewe amebebeshwa chochote.

Mwaka 2005, katika kesi ya fedha za shule jimboni Kansas, mawakili waliitumia hadithi hiyo kupinga mgawo ulio sawa zaidi. Vonnegut, akiwa na miaka 82, aliliambia gazeti la huko kwamba wameisoma vibaya: yeye aliandika kuhusu vipaji na akili. Alikuwa sahihi. Mtoto anayeongezewa vitabu hamwekei jirani yake redio sikioni. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Kansas iliamuru bunge liziongezee shule fedha.